"Ping" maana yake nini hasa?

Gonga ukingo wa glasi kwa kijiko. Ule mlio mfupi, mwembamba, unaopaa na kufifia papo hapo, Waingereza huuita "ping". Kwetu maneno ya aina hii ni tanakali za sauti: "chubwi" kitu kinapotumbukia majini, "ngo ngo ngo" mlango unapogongwa. Ila chubwi yetu haijawahi kutoka majini, wakati ping imehama kwenye glasi ikaenda kuishi kwenye nyambizi, kompyuta na simu za watu.

Wengi hulifahamu neno hili kupitia ping-pong, yaani mpira wa meza. Raketi za zamani zilikuwa na ngozi iliyowambwa kama ya ngoma, na kipira kikigonga pale kililia "ping". Mwanzoni mwa karne ya 20 jina hilo lilisajiliwa kuwa alama ya biashara. Mwaka 1971 timu ya Marekani ilialikwa kucheza China, na mwaka uliofuata Rais Nixon naye akaenda. Tangu hapo kukawa na msemo "diplomasia ya ping-pong".

Maana iliyozaa nyingine nyingi ilitoka baharini. Meli inayosaka nyambizi hutuma mlio mfupi majini, kisha husikiliza mwangwi. Sauti husafiri kwenye maji ya bahari kwa takriban mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, maana yake sauti imekwenda sekunde moja na kurudi sekunde moja, kwa hiyo kitu kiko umbali wa mita 1,500 hivi. Mlio huo ndio ping. Nyambizi zenyewe huukwepa, kwani anayepiga hodi gizani hujitangaza alipo. Hupendelea kukaa kimya na kusikiliza wengine.

Kisanduku cheusi cha ndege nacho hupiga ping kikizama, mara moja hivi kwa sekunde. Lakini masafa yake, yaani wingi wa mitetemo ya sauti kwa sekunde, ni kilohezi 37.5, na sikio la binadamu huishia karibu kilohezi 20. Hapo neno lililozaliwa na sauti linataja kitu ambacho hakuna mtu awezaye kukisikia bila chombo.

Desemba 1983, Mmarekani Mike Muuss aliandika programu ndogo ya kuchunguza hitilafu za mtandao, akaiita ping kwa kukumbuka mlio ule wa baharini. Wapo wanaodai kuwa ni kifupisho cha maneno kadhaa ya Kiingereza, lakini maelezo hayo yalibuniwa baadaye; Muuss mwenyewe alisema jina lilitokana na sauti. Kompyuta yako hutuma ujumbe mdogo kwa kompyuta nyingine, kama kuuliza "upo?", nayo huurudisha. Muda wa kwenda na kurudi hupimwa kwa milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde.

Muda huo nao siku hizi unaitwa ping, na hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Mcheza gemu analalamika kwamba ping yake iko juu, basi ananunua intaneti ya kasi zaidi, na ping inabaki palepale. Kasi inayotangazwa ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Ping ni muda ambao ujumbe mmoja hutumia kwenda na kurudi. Fikiria bomba la maji: kulipanua kutaongeza maji yanayotoka, lakini hakutalifupisha bomba. Data hupita kama mwanga ndani ya nyaya za mkongo, na mwanga huo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu hilo, iko kilomita 10,000 kutoka ulipo, safari ya kwenda na kurudi pekee itakula milisekunde 100, hata ulipe kiasi gani. Dawa ni kutafuta seva iliyo karibu, au kutumia waya badala ya Wi-Fi iwapo Wi-Fi ndiyo inayochelewesha.

Kutoka kwa mafundi wa kompyuta neno likaingia kwenye maongezi. "Ni-ping ukifika" ni kuomba ujumbe mfupi tu, wala si simu ya nusu saa. Binafsi naona "nishtue ukifika" inatosha kabisa, tena ina uhai zaidi, lakini sitagombana na mtu kwa hilo. Kengele ya ujumbe kwenye simu nayo ni ping, na ya maikrowevu pia. Hata injini ya petroli inayotoa vimilio vya chuma kwa sababu mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, baadhi ya wasemao Kiingereza husema inapiga ping. Mafundi wetu husema inagonga.

Tahadhari moja kwa anayetumia programu ya Muuss: ukituma ping usijibiwe, usikimbilie kusema kompyuta ya upande wa pili imezimika. Seva nyingi zimewekewa programu za ulinzi zinazopuuza ping kwa makusudi, ilhali tovuti zake zinafunguka vizuri tu kwenye kivinjari.