Fidia kwa maveterani wa Marekani walioumizwa na matibabu: dhana potofu na ukweli

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba mwanajeshi wa zamani wa Marekani hulipwa fidia ya ulemavu kwa jeraha au maradhi aliyoyapata jeshini tu. Ukweli ni kwamba kifungu cha 1151 cha sheria ya mafao ya maveterani kinamhusu pia aliyepata ulemavu kwa sababu ya matibabu, upasuaji au uchunguzi katika hospitali za Idara ya Maveterani, hata kama maradhi yaliyompeleka huko hayakuhusiana kabisa na utumishi wake. Ulemavu huo hulipwa kana kwamba aliupata jeshini.

Wengine huamini kuwa kutoka hospitalini ukiwa na hali mbaya kuliko uliyoingia nayo kunatosha. Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu. Fred Gardner, veterani wa vita vya Korea, alifanyiwa upasuaji wa diski ya uti wa mgongo katika hospitali ya Idara, kisha akalalamika kwamba shavu la mguu wa kushoto, kifundo na wayo vilibaki na maumivu na udhaifu. Alinyimwa fidia kwa kanuni iliyodai kosa la hospitali lithibitishwe. Mwaka 1994 majaji wote wa Mahakama ya Juu waliikataa kanuni hiyo, kwa kuwa sheria yenyewe haikuweka sharti hilo. Bunge liliiandika upya sheria mwaka 1996, na kwa madai yaliyowasilishwa tangu tarehe 1 Oktoba 1997, mdai hulazimika kuonyesha uzembe, upungufu wa ujuzi au kosa kama hilo, au kwamba madhara hayakuweza kutazamiwa. Naona mzigo huo ni mzito mno kwa mgonjwa, maana kumbukumbu za matibabu huandikwa na upande uleule unaolalamikiwa.

Si kweli kwamba kusaini fomu ya ridhaa kunafuta dai, kwani aliyekubali kupasuliwa hakukubali kupasuliwa kizembe.

Wapo pia wanaodhani dai lazima liwasilishwe ndani ya miaka 2, lakini ukomo huo unahusu kuidai serikali kwa uzembe, si fidia ya kifungu hiki, ingawa anayewasilisha ombi ndani ya mwaka 1 anaweza kulipwa kuanzia siku aliyoumia. Njia zote mbili zinaruhusiwa, ila malipo ya kila mwezi ya fidia husimamishwa hadi jumla ya yaliyozuiwa ifikie kiasi alichopewa kwa dai la uzembe.

Jambo linalowaponyoka wengi ni mahali pa matibabu: aliyeumizwa katika hospitali binafsi, hata kama Idara ndiyo iliyolipa gharama, kwa kawaida halindwi na kifungu hiki.