Kifaranga Akikwama Ndani ya Yai

Saa tano usiku mama mmoja wa Kisauni alinipigia simu. "Daktari, ametoboa tangu magharibi na hajatoka. Nishaanza kumenya." (Watu wa mifugo sote huitwa daktari, hata tusio madaktari.) Nikamuuliza, "Mama, kuna damu?" Akanyamaza kidogo. "Ipo, lakini si nyingi." Nikamwomba arudishe yai kwenye mashine ya kuangulia, afunge mlango, akalale.

Damu hiyo ndiyo inayokwambia kifaranga hayuko tayari. Karibu na siku ya 21 tangu yai la kuku lianze kuatamiwa, hutoboa kwanza utando wa ndani, kwenye nafasi ya hewa iliyo upande mnene wa yai, akaanza kupumua kwa mapafu. Ndipo unamsikia akilia. Baadaye hutoboa ganda, kisha hutulia, na utulivu huo unaweza kufika saa 24. Sisi tunahangaika, kumbe yeye yumo kazini: mishipa iliyotandaa chini ya ganda inajifunga, na kiini kilichobaki kinaingia tumboni kupitia kitovuni. Ukimenya mapema unapasua mishipa anayoitegemea bado.

Msaidie iwapo saa 24 zimepita tangu tundu la kwanza na hakuna ufa mpya, au alishaanza kukata ganda kuzunguka yai akaishia njiani, na utando umekauka ukawa wa kahawia kama bahasha ya kaki. Nawa mikono. Chovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, uikamue, ulowanishe utando bila kugusa matundu ya pua, maana tone moja laweza kumpalia. Kwa kibano, bandua vipande vidogo vya ganda kuanzia pale alipotoboa. Ukiona mshipa mwekundu, acha hapo hapo, rudisha yai na usubiri saa kadhaa. Ukishamfungulia kichwa na njia ya kupumua, mwache asukume mwenyewe. Usimvute. Kiini kikiwa bado kinaning'inia, usikate chochote. Mwache ndani ya ganda lililobaki, juu ya kitambaa safi chenye unyevu, mashineni. Kitovu kilichobaki wazi kipake iodini. Hata ukifanya yote haya sawasawa, wengine hufa, kwa kuwa walikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Kwa nini akwame, na Mombasa hii ilivyo na jasho? Wengi huona hakuna haja ya kutia maji kwenye mashine. Tunajidanganya. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha hadi nyuzi 37.5 bila kuiongezea maji, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 50. Siku tatu za mwisho tunataka 65 hadi 70. Kisha kila unapofungua kuchungulia, unyevu wote unatoka nje na utando unamkazia kifaranga kama plastiki. Mimi nikiona watatu wanne wamekwama kwa mpigo mmoja, siwaangalii tena vifaranga. Nakagua kipimajoto na sinia la maji, halafu nauliza stima ilipotea mara ngapi.

Akishatoka, mwache mashineni mpaka manyoya yakauke. Usimtilie maji mdomoni kwa nguvu, kiini kilichoingia tumboni kinamtosha kama siku mbili. Akiweza kusimama, mchovye ncha ya mdomo kwenye maji mara moja, atajua.

Mtazame miguu. Aliyesaidiwa mara nyingi huitawanya kando, na gazeti lililotandikwa chini humzidishia kuteleza. Tandika kitambaa kikavu chenye kukwaruza. Ikiendelea kutawanyika, chukua plasta nyembamba, izungushe mguu mmoja, acha nafasi sawa na upana wa kusimama kwake, kisha izungushe mwingine, bila kukaza. Fanya hivyo siku mbili za mwanzo, mifupa ingali laini. Kagua kila siku isije ikambana, na siku ya tatu ifungue uone anavyokanyaga.