Chai ya kijani na saratani ya tezi dume: kikombe, kidonge na kipimo

Swali ninaloulizwa mara nyingi katika kliniki ya tezi dume halihusu upasuaji wala mionzi. Linahusu chai. Mwanaume anakaa, anasubiri nimalize kusoma majibu yake, kisha anatoa mfukoni kichupa cha vidonge na kukiweka mezani. "Daktari, wanasema hivi vinazuia saratani. Nikivimeza, bado nahitaji kile kipimo cha damu cha tezi dume?" Huwa nakigeuza kichupa nisome maandishi madogo ya nyuma. Jibu langu linaanzia hapo, kwa sababu kilichomo ndani ya kichupa na kilichomo ndani ya kikombe havilingani, hata kama vyote vimetoka kwenye jani moja.

Jani lenyewe ni la mmea uleule unaotupa chai ya rangi tuliyoizoea. Tofauti huanza baada ya kuchumwa. Jani likisokotwa na kuachwa, vimeng'enya vyake hukutana na hewa, na kemikali ziitwazo katekini hugeuka kuwa nyingine zenye wekundu uliokolea. Kwa chai ya kijani, jani hupigwa mvuke au hukaangwa mapema. Joto huviua vile vimeng'enya, na katekini hubaki kama zilivyo. Iliyo nyingi kuliko zote ni epigalokatekini galeti, ambayo hata sisi wataalamu tunaifupisha EGCG. Peke yake hufikia karibu nusu ya katekini zote, na ni mojawapo ya vitu vinavyoleta ule ukakasi ulimini.

Mbona chai hii ikahusishwa na tezi dume? Kwa muda mrefu ilionekana kwamba saratani hii huwapata wanaume wachache zaidi Japani kuliko Marekani, na kwamba familia za Kijapani zilizohamia Marekani zilianza kuugua zaidi. Damu ni ileile, maisha yamebadilika. Katika vingi vilivyobadilika, chai ilikuwa kimojawapo. Maabara nayo ikaongeza matumaini: seli za saratani ya tezi dume zikimwagiwa EGCG hupunguza kasi ya kugawanyika, na nyingine hufa. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani waliwanywesha katekini panya waliozaliwa na kasoro ya vinasaba inayoleta saratani ya tezi dume, na uvimbe ukachelewa kukua.

Hapa ndipo nawaomba wasomaji wawe na subira. Kiasi cha EGCG kinachomwagiwa seli kwenye vyombo vya maabara mara nyingi ni makumi ya mara ya kile kinachoonekana kwenye damu ya mtu aliyekunywa vikombe kadhaa. Sehemu kubwa ya EGCG haivuki utumbo, na hiyo kidogo inayovuka hubadilishwa haraka na mwili. Hata hivyo, kuna kiasi kinachofika. Wanaume waliokuwa wakisubiri kuondolewa tezi dume walinyweshwa vikombe 6 vya chai ya kijani kwa siku, na tezi zilipochunguzwa baada ya upasuaji, katekini zilikutwa ndani yake. Majibu hayo yalichapishwa mwaka 2015. Dalili moja ya uchochezi, yaani ule mwako wa seli unaoleta uvimbe, ilipungua kwenye tezi, lakini kasi ya seli za saratani kugawanyika haikubadilika.

Majaribio kwa wanaume wenyewe ndiyo yenye uzito zaidi kwangu. La Italia, la mwaka 2006, ndilo lililowasha moto. Wanaume 60 ambao seli za tezi zao zilikwisha kuanza kuharibika, ingawa hawakuwa bado na saratani, waligawanywa makundi mawili. Nusu walimeza miligramu 600 za katekini kila siku, nusu vidonge vitupu visivyo na dawa. Baada ya mwaka mmoja, mmoja kati ya 30 wa kundi la kwanza alikuwa na saratani, na 9 kati ya 30 wa kundi la pili. Nakumbuka jinsi takwimu hizo zilivyotusisimua. Lakini wanaume 60 ni wachache mno. Mwaka 2015 jaribio la Marekani lenye wanaume 97 wa hali inayokaribiana nao lilitoa matokeo yaliyotupunguzia msisimko huo: saratani ilipatikana kwa 5 kati ya 49 waliopewa katekini na 9 kati ya 48 wasiopewa. Tofauti ya namna hiyo inaweza kutokea kwa bahati tu.

Tafiti za kuwafuatilia watu kwa miaka nazo zinavutana. Nchini Japani, karibu wanaume 50,000 walifuatiliwa, na mwaka 2008 ikaripotiwa kwamba waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walipata saratani iliyokwisha kukomaa kwa karibu nusu ya kiwango cha wale wasiofikisha kikombe kimoja. Kwa saratani iliyobaki ndani ya tezi, chai haikuleta tofauti yoyote. Miaka miwili kabla yake, utafiti mwingine wa Japani haukuona uhusiano wowote. Na ambaye tayari anaumwa, saratani ikiwa imekwisha kuyashinda matibabu ya homoni, asitegemee chai: mwaka 2003 wagonjwa 42 wa hali hiyo walipewa gramu 6 za chai ya kijani kila siku, na PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilishuka kwa nusu kwa mgonjwa mmoja tu, tena kwa muda usiofika miezi miwili. Wengi walipata kichefuchefu, kuharisha na kukosa usingizi.

Kwa hiyo anayependa chai ya kijani na anywe. Sina sababu ya kumzuia. Ninachokipinga ni kukimbilia vidonge kwa kudhani kwamba kitu cha asili hakidhuru. Tulishawahi kuumia kwa dhana hiyo. Wanaume zaidi ya 35,000 waliingia kwenye jaribio la vitamini E na seleniamu, wakitarajiwa kukingwa dhidi ya saratani hiihii. Jaribio lilisitishwa mwaka 2008 kwa kuwa kinga haikuonekana, na kufikia mwaka 2011 ilibainika kwamba waliokuwa wamemeza vitamini E peke yake walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge vitupu.

Kwa vidonge vya chai, kiungo cha kuangaliwa ni ini. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza kwamba EGCG ya miligramu 800 au zaidi kwa siku kupitia vidonge huhusishwa na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu, ishara ya kwanza kwamba ini linaumia. Kikombe kimoja huwa na kama miligramu 50 hadi 100 na hunywewa polepole, lakini vidonge viwili humezwa kwa funda moja, mara nyingi tumbo likiwa tupu, na hapo EGCG huingia mwilini kwa wingi zaidi. Ukiona macho yanakuwa ya manjano, mkojo unakuwa mweusi au mwili unawasha bila sababu, acha vidonge siku hiyohiyo na uende hospitali. Chai ya kijani pia hupunguza ufyonzwaji wa nadololi, dawa ya shinikizo la damu, na wa madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Mwenye upungufu wa damu aiweke mbali na mlo.

Na kipimo? Ndiyo, bado unakihitaji, na mwambie daktari kila unachomeza, maana katika lile jaribio la Marekani la mwaka 2015 PSA ilishuka kwa waliopewa katekini bila saratani kupungua kwa kiwango cha kuaminika. Saratani ya tezi dume ikiwa changa mara nyingi haiumi wala haizuii mkojo. Mazungumzo kuhusu kipimo kwa kawaida huanza ukifika miaka 50. Mwenye baba au kaka aliyeugua, na mwanaume mwenye asili ya Afrika, aanze mapema zaidi, kati ya miaka 40 na 45, akiwa mzima kabisa.