Soya kwenye udongo wenye tindikali: "inajitengenezea nitrojeni" ni nusu ya ukweli

Utasikia mara nyingi: soya ni jamii ya kunde, inajitengenezea nitrojeni, wewe panda tu. Si hivyo hasa. Wanaonasa nitrojeni ya hewani ni bakteria, hasa Bradyrhizobium japonicum, wanaoishi ndani ya vinundu vya mizizi, na tindikali huwasumbua.

pH (kipimo cha tindikali: ikishuka, tindikali imezidi) ikiwa chini ya 5.5, alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka majini na kudumaza mizizi, na vinyweleo vya mizizi ambavyo bakteria hupitia kuingia hupungua. Fosforasi hung'ang'aniwa na udongo. Molibdeni, madini ambayo kimeng'enya (protini ya bakteria inayofanya kazi ya kunasa nitrojeni) hakifanyi kazi bila hiyo, huwa adimu. Ndiyo maana mtu hupaka mbegu chanjo, yaani bakteria haohao hai waliotayarishwa, akaona majani ya njano, kisha lawama zote zikaiangukia chanjo.

Kagua mwenyewe mimea inapotoa maua. Chimbua kwa jembe, usiung'oe mmea kwa mkono, maana vinundu hubaki ardhini. Pasua kimoja kwa ukucha: chenye wekundu ndani kinafanya kazi, cheupe au cha kijani, hakuna kitu.

Anza na chokaa ya kilimo, ichanganywe vizuri na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda, kwa kiasi kinachotokana na kipimo cha udongo, si kwa kukisia. Fosforasi na chanjo zifuate. Urea nyingi? Majani yatapendeza, lakini mmea ulioshiba nitrojeni ya mbolea hupunguza vinundu. Mbegu ukishazipaka chanjo, zifukie siku hiyohiyo. Jua huua bakteria.