Ukimpata ndege ana pete mguuni, soma namba utuambie

Januari 2022 kule Siaya alipatikana mwewe mla samaki amedhoofika sana, mguuni ana pete ya Helsinki, KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) wakamchukua kumtibu lakini akafa. Habari zilienea kila mahali, yaani ndege ametoka Ufini karibu kilomita 7,000 mpaka ziwani kwetu! Lakini jamani, tumejua ametoka huko kwa sababu kuna mtu alimpeleka kwa wahusika na pete ikasomwa. Angetupwa kichakani tusingejua lolote.

Sasa hizi pete za watafiti zinavalishwaje? Hapa Kenya kazi kubwa iko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969, hasa Novemba na Disemba. Ndege wa kutoka kaskazini wanasafiri usiku, wakikuta ukungu pale mlimani na mwezi hakuna, wanavutwa na taa za lodge wanashuka, ndipo wananaswa na nyavu nyembamba ambazo hata wewe unaweza kuzigonga bila kuziona. Ndege anatolewa polepole kwa vidole, anatiwa kwenye kifuko cha kitambaa atulie, halafu anashikwa shingo ikiwa katikati ya vidole viwili, pete ya alumini inabanwa na koleo maalum lakini inabaki huru kuzunguka mguuni, bawa linapimwa kwa rula, anawekwa kwenye mizani, unampuliza manyoya ya kifua uone mafuta chini ya ngozi, basi anaachiliwa aende zake. Mafuta hayo ndiyo petroli yake! Marsh Warbler, kandege ka kahawia ka gramu 11 hivi, kamezaliwa Ulaya na kanaelekea Zambia, Malawi na kwingine kusini, kakipita hapa na kifua kikavu ujue huko nyuma hakakupata chakula cha kutosha.

Kuna watu wanaogopa pete, wanasema ni uchawi au ujasusi. Si huku tu, 2013 huko Qena, Misri, korongo alishikwa kabisa kwa kushukiwa jasusi sababu ya kifaa cha watafiti mgongoni. Pete haina betri wala kamera, ni namba na anwani tu.

Kwa hiyo ukimpata akiwa hai usimvue pete, mguu mwembamba ule unavunjika haraka. Piga picha namba zote kuzunguka pete, andika tarehe, mahali na hali ya ndege, halafu leta taarifa hizo kwetu idara ya ndege, Makumbusho ya Taifa Nairobi, hata kama pete ni ya Moscow au Ujerumani, tutafikisha.

Na wale mko mashambani, msingoje pete. Mbayuwayu wakijaa kwenye waya za stima au korongo weupe wakishuka shambani mvua ikinyesha, andika umeona nini, wapi, lini, weka kwenye Kenya Bird Map, ramani ya mtandaoni ya ndege wanaoonekana Kenya. Ndege wa kawaida pia tunawataka, maana orodha nyingi zinatoka mbugani na karibu na Nairobi, huko kwenu kwenye mahindi na mihogo hatuna watu wa kutosha.