Je wajua kwa nini Mei Mosi ilitokea Marekani lakini Wamarekani wenyewe hawapumziki siku hiyo?

Kila ikifika Mei Mosi hapa Dodoma unaona tisheti na kofia za vyama vya wafanyakazi, mabango, maandamano, wafanyakazi hodari wanapewa zawadi zao, na wengi tunajua tu ni sikukuu basi. Sasa kwa nini iwe tarehe 1 mwezi wa 5?

Chanzo ni masaa. Miaka ya 1880 kule Marekani mtu wa kiwandani alikuwa anapiga kazi masaa 10 mpaka 12 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ndo vyama vyao mwaka 1884 vikaamua kwamba kuanzia tarehe 1 Mei 1886 siku ya kazi iwe masaa 8. Tarehe ikafika matajiri wamekaza, watu wakagoma maelfu kwa maelfu, na Chicago ndo kulichemka zaidi. Tarehe 3 polisi wakapiga risasi wagomaji nje ya kiwanda, kesho yake usiku ukaitishwa mkutano wa kulaani hapo kwenye uwanja wa Haymarket, polisi wakaja kuutawanya, mtu akarusha bomu, wakafa askari 7 na raia pia. Aliyerusha hajajulikana mpaka leo! Lakini walihukumiwa watu 8, na tarehe 11 Novemba 1887 wanne wakanyongwa, na baadhi yao hata hawakuwepo pale bomu linalipuka. Inauma sana. Mwaka 1893 gavana wa Illinois, jimbo lenye Chicago, akawaachia watatu waliokuwa bado jela akisema kesi haikuwa ya haki.

Mwaka 1889 vyama vya wafanyakazi na wasoshalisti vikakutana Paris, vikaichukua tarehe ileile, na 1890 ikaadhimishwa nchi nyingi kwa mara ya kwanza. Marekani yenyewe mwaka 1894 ikachagua Jumatatu ya kwanza ya Septemba, siku ambayo New York walishaizoea tangu 1882 na haikuwa na damu ya Haymarket.

Na huku kwetu haki za wafanyakazi hatukupewa bure. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda na reli ya kati mpaka huku bara.

Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema masaa ya kawaida yasizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ovataimu ni mara moja na nusu, na ukifanya kazi sikukuu ya taifa kila saa unalipwa mara mbili ya mshahara wa msingi. Wangapi wanalijua hilo? Nenda saiti yoyote Mtumba uone saidia fundi anavyopokezana karai la zege na wenzake kwenye ngazi ya mirunda, jua la Dodoma linawaka, vumbi hadi kwenye kope, jioni anahesabiwa hela ya siku anaondoka. Huyo ni deiwaka, sikukuu kwake ni siku isiyo na hela, kwahiyo Mei Mosi utamkuta kazini, na mara nyingi kwa hela ileile ya jana.

Na dada wa kazi nyumbani je? Huyo naye ni mwajiriwa, sheria inamhusu. Kama Mei Mosi wewe umelala mpaka saa 4 na yeye ameamka saa 11 alfajiri kuchemsha chai, siku hiyo hela yake ni mara mbili.