"Jikaze, wewe ndiye mkubwa": dhana potofu na ukweli kuhusu kumeza uchungu

Baba alipofariki, nilisimamia turubai, viti, kaburi na daftari la rambirambi. Kila aliyenishika mkono alininong'oneza lilelile: "Jikaze, wewe ndiye mkubwa." Nikajikaza kweli. Miezi mitano baadaye nikazikuta dirishani betri mbili za redio yake, alizozianika juani zipate nguvu kidogo. Nilikaa chini sakafuni, nikalia mpaka mke wangu akaja mbio akidhani nimeanguka.

Dhana: Ukiumeza, unaisha.
Hauishi. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, James Gross na Robert Levenson, waliwaonyesha watu filamu fupi za kuchefua, mojawapo ya mtu anayekatwa kiungo hospitalini. Baadhi waliambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia, lakini walipoulizwa, kinyaa chao kilikuwa kilekile cha wenzao, na vipimo kama jasho la ngozi vilionyesha miili yao ikihangaika zaidi. Yaani uso ulitii, mwili ukagoma. Mimi mwili wangu uligomea tumboni: nilimeza dawa za vidonda vya tumbo wiki kadhaa, na vidonda vyenyewe daktari hakuviona. Sisemi kila tumbo linalouma ni huzuni. Nenda kapime.

Dhana: Kulia ni upungufu wa imani.
Hii husemwa kwa sauti ya upole, ndiyo maana inaumiza. Mtume Muhammad (S.A.W.) alitokwa machozi mwanawe Ibrahim alipokuwa akikata roho, na alipoulizwa akasema ni rehema. Kilichokatazwa ni kuomboleza kwa kupiga mayowe na kuchana nguo. Kwa Wakristo, Yohana 11:35 ni mstari mfupi kabisa: "Yesu akalia machozi." Na hapo alikuwa anakwenda kumfufua Lazaro.

Dhana: Basi dawa ni kulipuka, yamwagike yote.
Ndugu yangu wa pili alichagua njia hii, na milango ya nyumbani kwake inajua. Katika utafiti uliochapishwa 2002, mwanasaikolojia Brad Bushman aliwaudhi wanafunzi kwa kuwaponda insha zao, kisha akawapa baadhi mfuko wa ngumi waupige huku wakimfikiria aliyewaponda. Walitoka na hasira zaidi kuliko walioketi kimya tu. Kuhisi hasira ni jambo moja, kuifanyisha mazoezi ni jingine.

Dhana: Asiyelia ana kitu anakificha.
Si lazima. Wapo wanaozika, wanaohuzunika na wanaoendelea na maisha bila donge lolote kooni. Tusiwachokonoe.

Dhana: Ukifungua mlango huo, utazama humo.
Hofu hii naiheshimu, maana ndiyo iliyonifunga mimi. Lakini wanaofiwa kwa kawaida huenda na kurudi: leo machozi, kesho bili ya umeme, na kwenda na kurudi huko ni sehemu ya kupona. Ndiyo maana muda mfupi wenye mpaka husaidia. Mwanasaikolojia James Pennebaker, katika utafiti uliochapishwa 1986, aliwaandikisha wanafunzi dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, kuhusu jambo lililowaumiza sana. Wakimaliza tu kuandika walijisikia vibaya zaidi, ila miezi iliyofuata walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache kuliko wenzao. Tafiti za baadaye zimeona nafuu ni ndogo, basi usitegemee muujiza. Na aliyepitia vita au kubakwa, au anayewaza kujiua, asibaki peke yake na daftari. Amtafute mshauri nasaha au daktari.

Mimi nilichukua daftari lilelile la rambirambi, kurasa za nyuma. Usiku wa kwanza niliandika bei ya turubai na majina ya waliochelewa mazishini. Wa pili, ugomvi wa shamba. Usiku wa tatu ndipo baba mwenyewe alipoingia, akigeuza betri zake juani kama anayegeuza samaki.